Mama Alionja Kwanza

Wiki nzima ya kwanza baada ya upasuaji nilikula kwa kijiko cha chai, na nilichokula kilikuwa maji. Kijiko kimoja, nangoja, kisha kingine. Maji yaliyopoa, chai ya rangi isiyo na sukari, supu ya kuku iliyochujwa mpaka ikapoteza hata harufu ya kuku. Mtu ambaye hajapitia haya atadhani nilikuwa nakufa njaa. Sikuwa na njaa hata chembe; njaa waliikata pamoja na kile kipande cha tumbo. Nilichobaki nacho ni hasira, tena ya asubuhi mpaka jioni.

Upasuaji niliutaka mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono. Kisukari kilikuwa kimeanza kunila vidole vya miguu, magoti yalikuwa yamegoma kupanda kilima cha kwetu Niboye, na daktari aliniambia bila kuzungukazunguka kwamba nikiendelea hivyo sitafika mbali. Kilo zangu za wakati ule sizitaji hapa. Walionijua wanazijua, na walizitaja vya kutosha.

Kabla sijaruhusiwa kwenda nyumbani, mtaalamu wa lishe alikuja akakaa kando ya kitanda. Alikuwa binti mdogo aliyekulia Uganda, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kigali, kile cha kuokota neno lolote lililo karibu.

"Mama, tumbo yako sasa iko kama kale kandizi katamu," akasema, akainua kidole kunionyesha ukubwa. "Wiki ya kwanza ni maji na supu ya kuchuja. Ya pili, maziwa yenye haina mafuta, na uji mwepesi sana. Halafu vitu vya kusaga: maharage, yai, samaki. Karibu mwezi ndiyo utaanza vitu laini. Sukari hapana. Mafuta hapana. Soda usiiangalie hata."

"Na nikikosea?"

"Ukikunywa sukari, mwili itakuambia yenyewe. Utatoka jasho, moyo itakimbia, utaharisha, halafu itapita. Lakini iko kitu moja ya hatari. Usitapike. Ndani kumeshonwa, bado mbichi. Ukitapika kwa nguvu, nyuzi zinaweza kuachia. Zikiachia, tunakurudisha kwa upasuaji, kama umetufikia."

Nilikwenda nyumbani na maneno hayo: usitapike. Kukohoa kwenyewe nilikuwa nakohoa kwa adabu.

Mume tuliachana zamani na watoto sikujaliwa, kwa hiyo wa kuniuguza alikuwa Mama. Alitoka kwake Masaka, pembezoni mwa Kigali, alikokuwa na ng'ombe mmoja na kishamba cha maharage, akafika na galoni ya maziwa na furushi la nguo. Nilikuwa nimemweleza kila kitu kabla ya kulazwa. Sikuficha hata neno moja. Nilimwambia wanapunguza tumbo ili nipungue mwili, ili kisukari kinipishe. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kwa Kiswahili. Mama akitulia huongea Kinyarwanda. Akikasirika huhamia Kiswahili cha ukimbizini, cha Tanzania, alikonilelea.

"Wanaokatwa tumbo ni watu waliochoka kula," alisema. "Wewe umechoka lini?"

Swali lake lilikuwa na historia. Kule ukimbizini tulikula ugali wa mahindi ya msaada, na Mama alikuwa wa mwisho kula kila siku. Sisi tukishanawa mikono, yeye ndiye aliyekuwa akikwangua ukoko na kuita huo mlo. Tuliporudi Rwanda nikapata kazi, nikaanza kunenepa, na kila nilivyonenepa ndivyo alivyozidi kutembea kifua mbele. Kanisani alipenda tukae viti vya mbele ili watu wanione vizuri. Mwili huu ulionishinda kuubeba, kwake ulikuwa malipo ya miaka yote ile. Sasa nimwambie nimelala mezani nikaomba upunguzwe kwa kisu? Hakuamini. Alichoamini ni kwamba nina ugonjwa wa kutisha ambao naona haya kuutaja, na habari ya unene ni maneno ya kumfunika macho mzee.

Basi tukaanza vita vya jikoni. Nachemsha kuku, nachuja, nyama naweka pembeni, nakunywa maji yake. Mama anasimama mlangoni.

"Unatupa mtu unakula kivuli chake," anasema.

Siku moja niliona vijiduara vya mafuta vinaogelea juu ya supu yangu. Alikuwa ametia samli ya ng'ombe wake nilipokuwa bafuni. Sikumgombeza. Niliweka bakuli kwenye friji hadi mafuta yakaganda juu, nikayabandua kwa kijiko, nikapasha kilichobaki. Yale mafuta aliyakuta kwenye sinki. Alisugua lile sinki kwa muda mrefu kuliko lilivyohitaji.

Na maziwa. Kwetu maziwa hayakataliwi. Unaweza kukataa nyama, bia, hata mchumba, watu wakakuelewa; ukikataa maziwa umemkataa aliyekupa. Nilipofika wiki ya pili niliruhusiwa maziwa, ila yasiyo na mafuta, na ya Mama, ambayo kaka zangu walimletea kutoka Masaka, yalikuwa na malai nene juu. Tulipatana hivi: yeye anayachemsha, mimi nayaengua, yeye anaangalia pembeni. Kisha anachukua kikombe, anapiga funda moja, ndipo ananipa.

Hilo funda lazima nilieleze. Kwetu anayekupa kinywaji huonja kwanza mbele yako, akameza, ndipo wewe unapokea. Baa ni vivyo hivyo: mhudumu hakufungulii chupa huko nyuma, anakuletea ikiwa imefungwa na anaifungua macho yako yakiona. Hakuna anayelitamka neno sumu, lakini sote tunajua ni kwa sababu yake. Kuonja ni heshima ya kawaida tu, kama kusalimia. Ila ukikataa kinywaji ambacho mwenyewe ameshakionja, hapo umesema kitu, na kilichosemwa hivyo hakifutwi kwa samahani.

Jirani yangu wa karibu alikuwa mama mmoja Mrundi, Mkatoliki wa kusali rozari kila jioni, anayeuza vitenge. Tulikuwa tunapatana. Aliposikia nimetoka hospitali alikuja kunitazama, na kumtazama mgonjwa mikono mitupu ni aibu, kwa hiyo akaja na jagi la mutobe, ile juisi ya ndizi mbivu aliyoikamua mwenyewe. Akamimina, akaonja, akanipa kwa mikono miwili.

"Pole sana, mama. Kunywa kidogo upate nguvu."

Nilijua. Ndizi mbivu ni sukari tupu, na nilikuwa nimekatazwa waziwazi. Lakini mtu amekamua ndizi kwa mikono yake, ameonja, amekunyooshea kikombe, na mama yako ameketi pale anaangalia kama binti yake bado ana adabu. Nikasema nitapiga funda moja la heshima. Likawa tamu, jamani. Ulimi wangu ulikuwa haujaonja utamu tangu hospitali, na ulisahau amri zote. Nikapiga la pili na la tatu, tena makubwa.

Jirani alikuwa hajamaliza hata habari za sokoni nikaanza kulowa. Jasho lilinishuka mgongoni, moyo ukapiga mbio, mikono ikatetemeka mpaka kikombe kikagonga meza. Nilijikokota hadi msalani nikiwa nimeshika ukuta, nikakaa humo. Nilipotoka nililala sakafuni kwa sababu ilikuwa baridi na kitanda kilikuwa mbali. Nilikuwa najua hasa kinachonipata. Yule binti wa lishe alikuwa amenitajia yote, na alisema yatapita.

Mama hakuwa na mtaalamu wa kumweleza. Yeye alichokiona ni jirani ameleta kinywaji, mtoto wake amekunywa, mtoto wake ameanguka.

"Mama, ni sukari," nilimwambia kutoka sakafuni. "Inapita sasa hivi."

"Sukari," alisema. Alikuwa anamwangalia jirani. "Wewe uliweka nini humu?"

"Mukecuru, bibi yangu, mimi nimeonja, umeniona."

"Uliweka kinywani. Kumeza sikukuona."

Jirani alichukua jagi lake akatoka bila kuaga. Nilimwita, sauti haikutoka vizuri. Nilimchukia Mama wakati ule, nalisema kama lilivyokuwa. Nilimchukia na nilikuwa nimelala miguuni pake, na yeye alikuwa ananifuta jasho kwa kanga yake, akirudia, "Mwana wanjye, mwanangu," kwa sauti ambayo sijaisikia tangu niugue malaria nikiwa mtoto.

Hali ile ilipita kabla jua halijashuka. Niliinuka, nikanywa maji kwa kijiko, nikadhani yamekwisha.

Kesho yake alfajiri Mama hakuwepo. Alirudi mchana mkubwa juu ya pikipiki, yeye aliyekuwa akiziogopa pikipiki kuliko simba, viatu vikiwa na vumbi jekundu la Gahanga. Kule yuko mtu anayetapisha waliolishwa sumu. Watu wa kila aina huenda kwake, hata wenye magari, ingawa huegesha mbali. Mama alikuwa na chupa ya plastiki yenye dawa ya kijani iliyokolea karibu na weusi, na ilinuka majani yaliyooza.

Aliimimina kwenye kikombe changu cha maziwa. Akaonja mbele yangu, funda zima, akameza, akafungua mdomo nione kwamba amemeza. Kisha akanipa kwa mikono miwili.

"Kunywa. Utatapika vibaya, lakini itatoka yote."

Nilichofikiri ni ule uzi ndani yangu.

"Siwezi, Mama."

"Nimeonja."

"Nimekuona."

"Basi?"

"Nikitapika, kidonda kitaachia. Nitakufa, Mama. Si kwa sumu, ni kwa hiyo dawa."

Nilimpigia simu yule binti wa lishe, nikaweka sauti ya nje ili Mama asikie mwenyewe. Binti alimsihi kwa heshima zote: mukecuru, tafadhali, hata funda moja asinywe, hii si mambo ya kujaribu. Mama alisikiliza, kikombe kikiwa bado mikononi.

"Huyo ni mtoto," alisema simu ilipokatika. "Amezika wangapi?"

"Mama, sinywi."

Nikamwona anaelewa, lakini alichokielewa sicho nilichokisema. Uso wake ulibadilika polepole. Mimi nilikuwa nakataa dawa. Yeye aliona mtoto aliyemlisha kwa ukoko wa sufuria anakataa kikombe ambacho mama yake mzazi ameshakionja. Kati ya Wanyarwanda jambo hilo lina maana moja tu, na mimi niliijua tangu utoto kama yeye alivyoijua.

"Unaniogopa," alisema.

"Hapana, Mama. Siyo hivyo."

"Unafikiri mimi ndiye."

Kabla sijafungua mdomo alikiinua kikombe akanywa chote, haraka, kichwa amekirudisha nyuma. Alikipindua juu ya meza nione kwamba hakuna kilichobaki. Akakaa kwenye kiti akanitazama.

"Sasa tuone kama nitakufa," alisema.

Mama alikuwa mzee mwenye presha, na dawa ile ilipimwa kwa mtu wa mwili wangu. Ilimshika baada ya muda mfupi. Alitapika kwenye beseni, kisha sakafuni, kisha akawa anatapika pasipo kitu cha kutoka, mwili mzima ukijikunja. Macho yalimtoka. Mimi sikuruhusiwa kuinua hata ndoo ya maji. Nilijaribu kumshika mabega nikasikia maumivu yamenichana ubavuni, nikamwachia, akagonga paji la uso kwenye ukingo wa meza. Nikatoka nje nimeshika tumbo na kumwita mtu pekee aliyekuwa karibu.

Jirani alikuja. Sijui kama mwingine angekuja. Alimbeba Mama kama mtoto, akamlaza ubavu, akamshikia beseni, akamfuta mdomo, na kumnywesha maji yenye chumvi na sukari kidogo kidogo mpaka rangi ikamrudia. Mama alikunywa kutoka mkononi mwake bila kusubiri aonje. Nilikuwa nimeegemea ukuta, nalia kwa kujizuia, kwa sababu hata kulia kwa nguvu niliogopa.

Nilimwomba Mama twende hospitali, akakataa kwa kutikisa mkono. Asubuhi alikunja nguo zake. Nilimchemshia maziwa, maziwa yake mwenyewe, nikayaonja, nikampa.

"Nitakunywa nikifika," alisema. Akaacha kikombe mezani, akatoka kwenda kupanda basi.

Jirani naye alikuwa amemalizana na sisi. Tukikutana njiani alinisalimia salamu ya mtu na mtu, na mlangoni kwangu hakukanyaga tena. Sikumlaumu. Mtu aliyeitwa mlozi katika nyumba hairudii nyumba hiyo, hata akiwa ndiye aliyeiokoa.

Yaliyofuata ni chakula tu, na nilikula peke yangu. Wiki ya vitu vya kusaga niliponda maharage yaliyochemka mpaka yakalegea, nikayachuja maganda, nikala vijiko vitatu au vinne kisha ukuta, hakiingii kingine. Yai la kuvurugwa bila mafuta. Sambaza, wale dagaa wa ziwa Kivu, waliosagwa wakawa uji wa kijivu ambao hata paka aliunusa akaenda zake. Usinywe maji ukila, usile ukinywa, tafuna hadi ulimi uchoke. Baadaye viazi vilivyopondwa, parachichi kiduchu, samaki laini. Kila kitu nilikipika kwa sufuria ile ndogo aliyokuwa akichemshia maziwa.

Nilipungua. Kisukari kilishuka, magoti yakapanda kilima, na daktari alifurahi kama mtu aliyefaulu mtihani. Niboye walifurahi kidogo, halafu wakaanza kunong'ona kwamba nina ule ugonjwa. Nguo zilinivuka. Nilijiangalia kwenye kioo nikamwona mtu ambaye Mama asingependa kukaa naye viti vya mbele.

Nilimpigia simu mara nyingi. Alipokea kila mara, akaniuliza hali, akaniambia ng'ombe hajambo. Hakuniuliza nakula nini. Yeye ambaye tangu nizaliwe hakuwahi kumaliza mazungumzo bila swali hilo.

Nilipopata nguvu za kutosha nilikwenda Masaka Jumapili moja. Kaka zangu walikuwepo na wake zao, tumeketi uani kwa mzunguko. Mama alitoka na maziwa ya mgando kwenye chombo chake cha mbao, mazito, yamechekechwa vizuri, na mafuta yake yote. Nilikuwa nimeruhusiwa tayari. Nilikuwa nimemuuliza yule binti wa lishe makusudi kabla ya safari. Mama akamimina kikombe cha kwanza, akapiga funda, akampa kaka mkubwa. Akamimina cha pili, akaonja, akampa mkewe. Hivyo hivyo mpaka aliyekuwa ameketi kulia kwangu.

Kisha akaingia ndani.

Akatoka na chupa ya maji ya dukani, mpya, mfuniko haujaguswa, na gilasi iliyofunikwa kwa kitambaa. Aliviweka mbele yangu kwa mikono miwili, kama anavyowekewa mgeni wa heshima asiyemjua mtu.

"Mama, nipe maziwa," nilisema. "Siku hizi nakunywa."

"Maziwa nimeshayaonja," alisema. Alilisema kwa Kinyarwanda, kwa sauti tulivu, bila hasira yoyote. "Wewe chukua hiyo. Haijaguswa na mtu. Fungua mwenyewe."

Kaka zangu walitazama ndani ya vikombe vyao. Nilifikiria kuinuka nimnyang'anye kile chombo ninywe mpaka nipasuke. Nilifikiria kuitupa chupa ile ukutani. Halafu nikaona kwamba nikiiacha imefungwa nitakuwa nimemkatalia mara ya pili, mbele ya watu.

Nikaifungua. Mfuniko ulilia, ua mzima ukausikia. Sikuweza kunywa maji yale haraka. Tumbo langu halikuruhusu. Nilikunywa kama nilivyofundishwa, kidogo, nangoja, kidogo tena, na wengine walishamaliza maziwa yao, wakala, wakaosha vyombo, wakaanza kuaga, mimi bado nimeketi nayo. Nilipomaliza, Mama alikuja akachukua ile chupa tupu, akaenda kuitunza pamoja na nyingine za wageni.